Hesabu ya Mwenye Jembe

Katika mwaka wa 1955, kwenye milima ya Uluguru iliyouinamia mji wa Morogoro, watu waliozoea kutii kwa subira walikataa katakata kuchimba matuta ya ngazi waliyoamriwa na serikali ya kikoloni. Wakakusanyika kwa ghadhabu, fujo ikazuka, mtu mmoja akauawa, na baada ya hapo mpango mzima wa kuhifadhi ardhi ukafutwa. Wataalamu walioubuni hawakuwa na nia mbaya. Walikwisha kuona jinsi masika inavyoteremsha udongo kutoka miteremkoni hadi mtoni, nao Ruvu, ambao chimbuko lake ni milima hiyohiyo, ndio mto unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Basi wakakata shauri kwamba dawa ni ngazi, na kwamba kila mwenye shamba achimbe zake, apende asipende.

Walichokosa kukijua kilikuwa chini ya nyayo zao. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni tabaka jembamba lililolala juu ya udongo mkavu usio na nguvu, na anayeukata mlima ili apate ngazi hulifukia lile tabaka jema na kulifunua baya, hata mahindi yakaota manjano mahali ambapo mwaka uliotangulia yalikuwa kijani. Mwenyeji alilijua jambo hilo kwa mkono wake, kwani ndiye aliyekuwa akilima pale. Lakini hakuulizwa, na aliposema bila ya kuulizwa akaitwa mkaidi. Na ajabu ni kwamba upande wa Mgeta, katika milima hiyohiyo, ngazi zipo hadi leo, zimepandwa kabichi na karoti na mboga nyinginezo ambazo malori huzichukua mpaka masoko ya pwani; maana huko maji ya mifereji yapo, mboga ina mnunuzi, na jasho la mchimbaji humrudia likiwa fedha mkononi. Mluguru, kwa hiyo, hakuwa adui wa ngazi. Alikuwa amepiga hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo aghalabu inayowapita watu wa ofisini. Mkulima mwenye ekari mbili, ambaye ghala lake ndilo benki yake, hawezi kulijaribu jambo geni kama mtafiti anavyolijaribu, kwani jaribio la mtafiti likiharibika huandikwa taarifa na mshahara ukaja kama kawaida, ilhali la mkulima likiharibika watoto watakula mlo mmoja kwa siku hadi mavuno mengine. Mbegu mpya ikizaa magunia mengi lakini punje zake ni laini, atauliza kama itastahimili dumuzi ghalani. Akiambiwa apande kwa mstari, atauliza ni nani atakayeshika kamba, kwa kuwa wiki ya kwanza ya mvua ndiyo wiki ambayo kila mkono nyumbani una kazi. Na mara nyingi mwenye kushika jembe ni mke, ilhali anayeitwa mkutanoni ni mume.

Kisa cha pili ni cha kiduha. Msomaji wa mjini huenda hajapata kukiona: ni mmea mdogo wenye maua ya zambarau, mazuri ya kutazama, unaoota chini ya mahindi na mtama, mizizi yake ikiinyonya mizizi ya mwenziwe, hata hindi likadumaa magotini huku majani yakisinyaa kama yenye kiu ilhali mvua imenyesha jana. Waluo wa kando ya Ziwa Viktoria hukiita kayongo. Kukingʼoa hakusaidii sana, kwani hufanya madhara yake chini ya ardhi kabla hakijachomoza, na mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kungoja udongoni miaka mingi.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka wa 1970, kina tawi lake Mbita, ufukweni mwa ziwa hilo. Huko, katika miaka ya 1990, Dakta Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted ya Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuwashinda viwavi watobao mabua. Walipanda majani ya tembo kuzunguka shamba ili yawavute nondo kutaga huko, ambako viwavi wengi hunaswa na utomvu wa majani hayo wakafa. Na kati ya mistari ya mahindi wakapanda desmodiamu, mmea jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo. Wakaiita sukuma-vuta. Kisha likadhihiri jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilitoweka. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazozizuia zisishikamane na hindi, hata zikafa kwa njaa udongoni.

Lakini lililonivutia zaidi ni la baadaye. Wakulima walioupokea mpango huo waliuliza swali ambalo maabara haikuwa nalo: maharagwe tutayapanda wapi? Nafasi iliyokuwa ya maharagwe sasa ilikuwa ya desmodiamu, na desmodiamu ni chakula cha ngʼombe; mwenye ngʼombe alifurahia maziwa, bali mwenye watoto alitaka mboga chunguni. Watafiti wakarudi shambani wakajaribu, ikaonekana kwamba maharagwe hupandwa katika shimo moja na mahindi au baina ya mashina yake, na kiduha bado kikazuilika. Ilipoonekana kuwa mbegu za desmodiamu ni ghali na adimu, wakulima wakaieneza kwa kukata vipande vya mashina yake na kuvipanda. Nao waliofanikiwa wakawa walimu wa jirani zao, sawa na desturi ya shamba darasa, iliyoanza katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka wa 1989 na ambayo leo bwana shamba wetu yeyote anaijua.

Sisemi kwamba sukuma-vuta haina dosari. Msimu wa kwanza una palizi ngumu ya mkono, desmodiamu ikiwa bado changa na magugu yakiizidi mbio, na asiye na mifugo wala jirani wa kumuuzia majani hupata nusu ya faida. Haya pia ni mambo ambayo mkulima huyaona mapema kuliko mgeni.

Basi, ewe bwana shamba, nawe bibi shamba, mnaokwenda vijijini msimu huu na mifuko ya mbegu: mkimkuta mtu amepanda mistari mitatu tu ya mbegu yenu pembezoni mwa shamba, na kwingine kote amepanda ile ya babu yake, msimwandike kuwa amekataa. Rudini wakati wa mavuno, mkae naye kivulini, mkahesabu pamoja.