Kupe wa Porini na Kimputu wa Nyumbani

Majani yakisha kuwa marefu, vijana wanapanda milima siku ya mapumziko, na wazazi wanaingia pori kutafuta uyoga, asali ao makala. Mara nyingi hawarudi peke yao. Kupe anarudi pamoja nao.

Kupe hana mabawa, wala haruki. Anangojea katika majani mpaka nyama ao mtu apite, kisha anamshika. Kwa hiyo vaa suruali ndefu, ingiza mwisho wake ndani ya soksi. Ukifika nyumbani, vua nguo, ujiangalie: makwapani, kiunoni, nyuma ya magoti na masikio. Mtoto aangaliwe na mama yake.

Ukimkuta ameshikamana, usimchome na moto, usimmwagie petroli. Akiteseka, anaweza kutapika mate ndani ya kidonda, na ugonjwa uko ndani ya mate yale. Mkamate na pensi ndogo karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumzungusha. Kisha osha pale na sabuni.

Kuko ndugu yake, kimputu. Huyu anakaa katika nyufa za nyumba za udongo. Anauma usiku, ananyonya damu, anarudi kujificha, asubuhi humwoni. Msafiri anayelala katika nyumba ya zamani, alale juu ya kitanda, mbali na ukuta, ndani ya chandarua. Munganga Mwingereza Joseph Everett Dutton alichunguza homa ya kimputu hapa Kongo pamoja na mwenzake John Todd. Homa ile ilimshika mwenyewe, akafa Kasongo mwaka wa 1905, akiwa na miaka 30 tu.

Homa ya kimputu inashika siku chache, inaacha, halafu inarudi. Watu wanasema, "Ni malaria tena," wanakunywa dawa ya malaria, kumbe haiponyeshi ugonjwa huu. Mama mwenye mimba anaweza kupoteza mtoto. Kupe wa majani naye ana homa yake: kichwa kinauma sana, na pale alipouma panakuwa kidonda cheusi.

Homa hizi mbili ziko na dawa. Lakini munganga hajui njia uliyopita. Usingoje akuulize. Mwambie: nilitembea porini, nililala nyumba fulani, kupe aliniuma. Na uende kupimwa damu wakati homa inawaka, maana ndipo vijidudu vya kimputu vinaonekana. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa mtu wa nyumba yako.