Mbio za Safari Zilizofanyika Ndani ya Kompyuta

Mwanafunzi aishiye kati ya Kayanga na Nkwenda, au mbele zaidi huko Murongo kwenye kingo za Mto Kagera, hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo baina ya barabara kavu na barabara iliyolowa. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, ni nchi ya vilima virefu na mabonde ya kina. Njia nyingi za vijijini huko hufunikwa kwa changarawe nyekundu iitwayo moramu, ambayo hutokana na kuoza kwa miamba na kubaki kwa chuma kingi katika udongo. Wakati wa kiangazi lori la kahawa hutifua vumbi lionekanalo kutoka kilima cha pili. Baada ya mvua ya saa moja tu, lori lilo hilo, likiendeshwa na dereva yule yule, huweza kushuka mteremko ule ule kwa ubavu. Barabara haikuhama wala mlima haukuongezeka urefu. Kilichobadilika ni mshiko wa tairi juu ya ardhi.

Mshiko huo, ambao wenyeji huupima kwa nyayo zao kila siku ya masika, ni miongoni mwa mambo magumu kabisa kuigizwa na kompyuta. Ugumu huo ulidhihirika katika mwaka 2020, wakati mashindano ya magari yalipoacha barabara na kuhamia ndani ya mitambo ya kuhesabu.

Tarehe 17 Machi mwaka huo Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Siku nne kabla yake, huko Melbourne, mashindano ya kwanza ya msimu wa Formula 1 yalikuwa yamefutwa saa chache kabla ya magari kuingia uwanjani. Waandaaji hawakukaa kimya. Tarehe 22 Machi, siku ambayo madereva wangekuwa Bahrain, yalifanyika mashindano ya kuigiza ya Bahrain: kila mshindani alikaa nyumbani kwake mbele ya kioo cha kompyuta, akashika usukani uliofungwa mezani, na mitambo ikaunganishwa kwa intaneti. Mshindi alikuwa Zhou Guanyu, kijana wa Kichina ambaye wakati huo alikuwa bado hajaingia katika Formula 1 yenyewe. Mwezi Juni yakafuata mashindano ya kuigiza ya saa 24 ya Le Mans, yenye magari 50 na madereva 200, kwa kuwa yale ya kweli yalikuwa yameahirishwa hadi Septemba.

Yalikuwapo pia mambo ya kuchekesha. Mwezi Mei dereva Daniel Abt, wa timu ya Audi katika mashindano ya magari ya umeme, aligunduliwa kwamba katika mbio moja ya kuigiza hakuwa yeye aliyeshika usukani. Alimweka mchezaji hodari wa michezo ya kompyuta akimbie kwa jina lake. Alifutiwa matokeo, akatozwa faini, na timu yake ikamsimamisha. Katika barabara ya kweli hila ya namna hiyo ni vigumu kufanyika, maana dereva huonekana akipanda gari.

Kwa Afrika ya Mashariki pengo lilikuwa kubwa zaidi. Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953, zikapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye zikahesabiwa katika mashindano ya dunia hadi mwaka 2002. Zilikuwa zirejee katika daraja hilo Julai 2020. Mwezi Mei zikafutwa. Lakini Septemba mwaka huo huo ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao WRC 9, ambao ulikuwa umetengenezwa kwa kufuata ratiba ya msimu, na ndani yake nchi tatu mpya zilikuwa zimeongezwa: Kenya, Japani na New Zealand. Mashindano ya nchi zote tatu yalikuwa yamefutwa. Hivyo katika mwaka 2020 Safari ya mashindano ya dunia ilikimbiwa ndani ya kompyuta peke yake, na mtu aliyekuwa na mtambo unaofaa aliweza kuikimbia mara kumi kabla ya dereva yeyote wa dunia kuigusa.

Swali la kisayansi ni hili: alikuwa anakimbia juu ya nini hasa?

Hesabu iliyo nyuma ya picha

Gari linaloonekana katika kioo cha kompyuta ni namba. Mtambo huhifadhi mahali lilipo gari, kasi yake na uelekeo wake. Kisha hukokotoa kani zote zinazolisukuma na kulizuia, hutafuta kasi mpya na mahali papya, na hurudia kazi hiyo mamia ya mara katika kila sekunde. Picha huchorwa baadaye kutokana na namba hizo. Kanuni zenyewe ni zile zile za Newton ambazo hufundishwa katika shule za sekondari.

Ichukuliwe mfano wa gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, ambalo dereva wake anafunga breki katika barabara ya tambarare. Umbali wa kusimama hupatikana kwa kugawanya kipeo cha pili cha kasi kwa mara mbili ya mpunguo wa kasi katika sekunde. Mpunguo huo hutegemea uwiano wa msuguano, yaani kani ya msuguano ikigawanywa kwa uzito wa gari. Ikiwa mchapuko wa uvutano wa dunia utakadiriwa kuwa 10, na uwiano juu ya lami kavu ukachukuliwa kuwa 0.8, gari litasimama baada ya mita 25. Juu ya moramu kavu, kwa uwiano wa 0.5, litahitaji mita 40. Juu ya moramu iliyolowa na kuwa tope, kwa uwiano wa 0.2, litahitaji mita 100.

Lakini Karagwe si tambarare. Gari lile lile na liwekwe katika mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita 10. Sasa sehemu ya uzito wa gari inalivuta kwenda chini, na uwiano wa msuguano hupunguzwa kwa 0.1. Juu ya lami kavu umbali huongezeka kidogo tu, kutoka mita 25 hadi karibu mita 29. Juu ya tope huongezeka kutoka mita 100 hadi 200. Hata mwenye pikipiki aendaye nusu ya kasi hiyo, kilomita 36 kwa saa, angehitaji mita 50 katika mteremko huo, nao ni urefu wa nusu ya uwanja wa mpira.

Msomaji aangalie sasa litakalotokea ikiwa mtengenezaji wa mchezo amekosea kidogo. Tuseme amepunguza uwiano kwa 0.05 tu. Juu ya lami, 0.8 inakuwa 0.75, na umbali katika mteremko unatoka mita 29 hadi 31. Hakuna mchezaji atakayetambua. Juu ya tope, 0.2 inakuwa 0.15, na umbali unatoka mita 200 hadi 400. Na uwiano ukishuka hadi 0.1 gari halisimami kabisa. Kosa ni lile lile, ila katika tope limekuwa ndilo jambo zima.

Ndiyo sababu mashindano ya kuigiza yalifana mno katika viwanja vya lami. Vingi vya viwanja hivyo vimepimwa kwa mionzi ya leza hadi usahihi wa milimita chache, na uso wake wa leo unafanana sana na wa jana. Moramu haina tabia hiyo. Gari la kwanza hufagia changarawe iliyolegea, la pili hukuta njia safi zaidi, la kumi hukuta mifereji iliyochimbwa na magurudumu. Kwa hiyo barabara iliyopimwa asubuhi si ile itakayokuwapo jioni, hata kama mvua haikunyesha. Tena katika gari la kweli dereva huhisi utelezi kwa mwili, kupitia kiti na sikio la ndani, kabla macho hayajauona. Mbele ya kioo amebakiwa na macho, masikio, na mtikisiko wa mota iliyo ndani ya usukani.

Safari ya kweli ilirejea tarehe 24 hadi 27 Juni 2021, ikiwa na makao Naivasha. Thierry Neuville aliamka siku ya mwisho akiongoza kwa zaidi ya sekunde 50, lakini chombo cha kuzuia mtikiso cha gurudumu la nyuma kikaharibika, naye akatoka. Ott Tänak alisimama katikati ya mbio siku iliyotangulia, mvua iliponyesha, kwa sababu kioo cha mbele kilifunikwa na ukungu kwa ndani na hakuweza kuona njia. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Hesabu ya tairi na changarawe peke yake isingeweza kubashiri ukungu wa kioo. Ili kompyuta iujue, ni lazima mtu awe amewaza kwanza juu ya pumzi za watu wawili ndani ya gari lililofungwa na joto la kioo kinachopigwa na mvua.

Jaribio kwa shule

Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya kazi ya kompyuta kwa kalamu. Gari la mfano wetu, likiwa juu ya tope katika mteremko, hupungukiwa mita moja kwa sekunde katika kila sekunde. Mwanafunzi aandike kasi mwanzoni mwa kila sekunde: 20, 19, 18, hadi 1, na ajumlishe. Atapata mita 210, wakati jibu sahihi ni 200. Akirudia kwa hatua za nusu sekunde atapata 205. Kwa hatua za sehemu ya kumi ya sekunde, 201. Kosa hupungua kwa kadiri hatua inavyopungua, na hapo mwanafunzi atakuwa amejua kwa nini mtambo hurudia hesabu mamia ya mara kwa sekunde.

Linabaki suala la kupata uwiano wenyewe. Kipande cha tairi kuukuu kipigiliwe chini ya ubao mdogo, na juu ya ubao uwekwe mzigo wa mawe. Ubao na mzigo wake vipimwe kwa mizani ya springi; kisha uvutwe polepole, kwa mwendo usiobadilika, juu ya moramu kavu iliyo sawa, na mizani isomwe. Ikiwa uzito wote ni nyutoni 50 na mizani inasoma 25, uwiano ni 0.5. Baadaye imwagwe ndoo ya maji, na jaribio lirudiwe. Kazi hii ifanyiwe katika uwanja wa shule, si barabarani. Namba itakayopatikana haitakuwa ile ya gari hasa, kwa kuwa ubao haukandamizi ardhi kama gurudumu, lakini tofauti baina ya kavu na tope itaonekana wazi.

Mara ya tatu ubao ukivutwa katika mfuo ule ule, mizani haitasoma kama mara ya kwanza: maji yamesukumwa kando, changarawe imelala, na tope limejaa katika mifereji ya tairi. Kila usomaji uandikwe peke yake pamoja na saa ulipochukuliwa, wala wastani usitafutwe mapema.