MFAHAMU NONDO WA UFUTA



Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa Masasi na Newala tunasomeshwa kwa fedha za korosho na ufuta. Ufuta ukiharibika, daftari na sare navyo huchelewa. Kwa hiyo tumeona tumweleze mdudu mmoja anayeuharibu. Mdudu huyo ni nondo.

Hatukusudii nondo za kujengea nyumba! Nondo huyu ni ndugu wa kipepeo, na wengi wa jamii yake huruka usiku na kuifuata taa. Sisi tunaohifadhi Juzuu Amma tumekutana na neno al-faraash katika Surat al-Qaari'a, ambalo hufasiriwa kuwa ni nondo.

JINA NA UKOO WAKE
Wanasayansi humwita Antigastra catalaunalis. Alipewa jina hilo la pili mwaka 1833 na Mfaransa aitwaye Duponchel, nalo linatokana na Catalonia, huko Hispania. Lakini si mdudu wa Ulaya peke yake. Yupo Afrika na Asia pia.

Yumo katika oda ya Lepidoptera, yaani vipepeo na nondo, ambao mabawa yao yana magamba madogo mno. Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo ndiyo magamba yenyewe. Familia yake ni Crambidae, ambamo yumo pia Chilo partellus, funza anayetoboa mabua ya mahindi.

CHAKULA CHAKE
Nondo mwenyewe hali majani. Mharibifu ni mtoto wake, kiwavi wa rangi ya kijani hafifu mwenye vidoa vyeusi. Hula ufuta wa shambani na ufuta mwitu. Ameonekana pia kwenye duranta, mti unaopandwa kuwa ua wa nyumba.

Nondo hutaga mayai kwenye majani machanga. Kiwavi akitoka, huyafunga majani ya kileleni kwa nyuzi zake, akajificha ndani na kula. Mmea ukichanua hula maua, kisha hutoboa vitumba na kula mbegu.

TUFANYE NINI?
Kosa kubwa ni kungoja. Kiwavi akishajifunga ndani ya majani, dawa inayopulizwa humfikia kwa shida, na fedha ya mzazi hupotea. Inafaa kupanda mapema, kubadilisha mazao shambani na kung'oa ufuta mwitu ulio karibu. Shamba likiwa dogo, vilele vilivyofungwa vikusanywe kwa mkono na kuharibiwa. Tukiona wamezidi, tumwite bwana shamba kabla ya kununua dawa.

Wanafunzi wenzetu, macho yetu ni makali. Tukitoka madrasa tupitie shamba, tukague vilele vya ufuta ungali mchanga. Tukiona majani yamegandana, tuyafungue, kisha tumwite baba au mama aone.