Mtoto na Jina Lake: Habari za Mayatima wa Tengeru

Leo tutazungumza habari za watoto waliotolewa kwao na vita, wakalelewa ugenini, na walipokuwa watu wazima wakauliza: Mimi ni mtoto wa nani?

Habari hizi hazikutokea mbali nasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya Wapolandi huko Kondoa, kwa jirani zetu wa mashariki. Kambi iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto.

Je, walifikaje huku? Polandi ni nchi ya Ulaya. Septemba 1939 iliingiliwa na majeshi ya Ujerumani kutoka magharibi, na ya Urusi ya Kisovyeti kutoka mashariki. Mwaka 1940 Warusi waliwachukua watu wengi kwa treni mpaka Siberia na Kazakistani, wakawatia katika kazi ngumu. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwaka 1941 Ujerumani iliishambulia Urusi, na Wapolandi wakaachiliwa. Mwaka 1942 maelfu walivuka kwenda Uajemi, na baadhi yao wakaletwa Afrika Mashariki. Kati yao walikuwamo mayatima.

Mwaka 1949 Shirika la Kimataifa la Wakimbizi lilipaswa kuamua mayatima hao waende wapi. Serikali ya Polandi ilidai warudishwe. Walezi wao walikataa, maana sehemu walizotoka zilikuwa zimekwisha kutwaliwa na Urusi. Mwishowe watoto zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada, kwa njia ya Italia na Ujerumani. Huko walijifunza lugha mpya, wakakua, wakaoa na kuolewa.

Lakini mtu hatoshelezwi na chakula na nguo tu. Hata kwetu, mgeni akifika huulizwa kwao ni wapi na ukoo wake ni upi. Asiye na jibu huona uzito moyoni. Tena, kumtafuta aliyekuzaa si kumtupa aliyekulea.

Basi, mtu hutafutaje asili yake? Kwanza, huanza na jina. Hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa karani aliyeandika kwa kusikia tu huweza kukosea herufi, na mtoto mdogo hajui mwaka aliozaliwa, hata akakisiwa umri. Pili, hutafuta madaftari ya kambi, ya meli, ya kanisa na ya shule. Tatu, hulinganisha. Jina moja laweza kuwa la watu kumi. Lakini jina la mtoto, la baba, la mama na la kijiji yakipatana yote, njia imeonekana.

Karatasi nyingi za watu waliotawanywa na vita hiyo zimewekwa Bad Arolsen, mji wa Ujerumani. Mwaka 2007 zilifunguliwa kwa wachunguzi. Majibu mengine ni machungu. Mwaka 1940 Warusi waliwaua maofisa wa Polandi kwa maelfu, katika msitu wa Katyn na mahali pengine, nao hawakukiri mpaka mwaka 1990. Miaka 50 ilipita, na watoto wa marehemu walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Wengine hupata kaburi tu. Pale Tengeru yako makaburi ya Wapolandi karibu 150.

Nasi tujifunze nini? Mtoto akizaliwa, aandikishwe na apate cheti. Andikeni katika daftari la nyumbani majina ya wazazi, ya babu na bibi, na ya kijiji. Someni kila herufi kabla ya kutia sahihi. Na aliyepotezwa na nduguze kwa vita aende Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho huwasaidia wakimbizi kuwatafuta jamaa zao.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mayatima hawakurudishwa Polandi?
2. Jina likikosewa herufi moja, hasara gani yaweza kutokea?
3. Nani katika darasa letu aweza kuandika majina ya babu zake wanne?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.