Linki ya kuongeza Fuliza: washa ulinzi wa Chrome kabla hujaibonyeza

"Hongera! Limit yako ya Fuliza inaweza kupandishwa leo. Bonyeza hapa." Wengi wenu mmeona meseji ama tangazo la aina hii, kwa SMS, kwa grupu la WhatsApp ama ukipitapita Facebook. Uwe unapanga nyanya Marikiti, unangoja gari la Masii hapo stendi ya Machakos, ama umetoka shifti Mlolongo, linki inakupata vilevile. Ukiibonyeza unafika kwenye ukurasa wenye rangi na nembo unayoijua. Unaombwa namba ya simu, namba ya kitambulisho, halafu "ada kidogo ya kushughulikia ombi lako". Ukishalipa, hakuna kinachopanda. Pesa imeenda, na namba ya kitambulisho chako imebaki kwa mtu usiyemjua.

Tuseme wazi: limit ya Fuliza haiuzwi. Mfumo ndio huipanga kwa kuangalia unavyotumia laini yako na unavyolipa deni, na unaweza kuiangalia mwenyewe kwa *234#. Hustler Fund nayo, tangu izinduliwe Novemba 30, 2022, mlango wake unaojulikana ni *254#. Ukurasa unaokudai ada ndipo upate mkopo ama limit kubwa, huo ni wa wezi.

Lakini kuna siku utabonyeza tu. Umechoka, ama linki imetoka kwa mtu unayemwamini. Kwa siku kama hiyo, simu yako iko na askari ambaye watu wengi hawajawahi kumwangalia kama yuko macho.

Askari huyo yuko ndani ya Chrome, ile programu ya kufungulia intaneti inayokuja na karibu kila simu ya Android. Google huweka orodha ya kurasa zinazojulikana kuwa za utapeli. Unapotaka kufungua ukurasa, Chrome huulinganisha kwanza na orodha hiyo. Ukipatikana humo, badala ya ukurasa unaona skrini nyekundu ya onyo.

Zamani orodha hiyo ilikuwa inawekwa ndani ya simu na kusasishwa kila baada ya dakika 30 hadi 60. Shida ni kwamba, kwa maelezo ya Google wenyewe, ukurasa wa hatari kwa wastani huishi chini ya dakika 10. Mwizi alikuwa anafungua duka, anauza, anafunga na kuhama kabla orodha ya simu yako haijapata habari. Ndiyo maana mwaka 2024 Google walibadilisha mpango: sasa Chrome huuliza wakati uleule unapofungua ukurasa, na huuliza kwa njia inayoficha anwani kamili ili Google wasijue unasoma nini. Kwa hivyo Chrome ambayo hujaisasisha tangu ununue simu inaweza kuwa bado inafanya kazi kizamani. Anza hapo. Ingia Play Store, tafuta Chrome, na ukiona "Update", bonyeza.

Sasa fungua Chrome yenyewe. Bonyeza zile nukta tatu juu kulia, ingia "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Safe Browsing". Kama simu yako iko kwa Kiswahili, anza na Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Kuvinjari Salama. Utakuta chaguo tatu. "Standard protection" ndio ulinzi wa kawaida tulioueleza, na kwa simu nyingi huwa umewashwa tayari. "No protection" ni kuacha mlango wazi, na ukikuta simu iko hapo, iondoe leo. "Enhanced protection" ndio ulinzi wa juu: Chrome hutuma kwa Google anwani za kurasa unazofungua pamoja na vipande vya kurasa zinazotiliwa shaka, ili hata ukurasa mpya ambao haujaingia kwa orodha uweze kutambuliwa.

Ndiyo, hiyo inamaanisha Google wataona mengi zaidi. Kuna watu hawataki, na wana haki yao. Sisi tunaona kwamba kama simu hiyohiyo ndiyo benki yako, na una mazoea ya kufungua linki za grupu la chama, ulinzi wa juu unafaa. Zote ni bure.

Kwa iPhone, tafuta mipangilio ya Safari na uhakikishe "Fraudulent Website Warning" imewashwa. Simu nyingi za Tecno na Infinix nazo huja na Phoenix kando ya Chrome. Angalia ni ipi inafungua linki zako, kwa sababu ulinzi uliowasha Chrome hauhamii Phoenix.

Skrini nyekundu ikitokea, rudi nyuma. Chini yake kuna maandishi madogo yanayokuruhusu kuendelea kwa hiari yako, na matapeli wengine hukuambia mapema uyabonyeze eti "ni kawaida, mtandao unasumbua". Usiyabonyeze, hata kama linki imetumwa na shangazi yako. Akaunti za WhatsApp huibwa kila siku, na mwizi wa akaunti ya shangazi anaongea kama shangazi. Mpigie simu kwanza.

Askari huyu ana mipaka yake pia. Linki ukiifungua ndani ya Facebook, mara nyingi ukurasa hufunguka humohumo Facebook bila kupitia Chrome, na ile "Enhanced protection" uliyochagua haitumiki. Kale kapicha ka kufuli karibu na anwani nako kanasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na ukurasa yamefichwa. Hakasemi mwenye ukurasa ni nani. Mwizi pia anaweka kufuli.

Soma anwani yenyewe. Angalia maneno yaliyo kabla tu ya alama ya kwanza ya / inayofuata jina. Kama yanaishia safaricom.co.ke, hapo ni kwao. Kama baada ya co.ke kuna nukta na maneno mengine, ama jina la kampuni limeunganishwa kwa kistari na neno kama "ofa", umepotea njia. Kurasa za serikali huishia .go.ke.

Kitu ambacho Chrome haiwezi kuzuia kabisa ni ile ombi la malipo inayoruka kwenye skrini ikikuuliza PIN. Kurasa nyingi za Fuliza feki huishia hapo. Ukishaandika namba yako ya simu, ombi halisi kabisa linatoka kwa mtandao, kwa hivyo unajiambia mambo ni sawa. Ni halisi, lakini pesa inaenda kwa mwenye ukurasa. Kabla ya PIN soma jina la anayelipwa na kiasi. Jina ukilikuta ni la duka ama mtu usiyemjua, bonyeza kughairi. Na PIN yenyewe usiiandike kamwe kwenye ukurasa wa intaneti. Mahali pake ni ombi la laini, menyu ya simu ama app rasmi.

Kama tayari ulijaza, badilisha PIN sasa hivi, kisha upigie huduma kwa wateja, kwa sababu pesa ambayo bado haijatolewa ina nafasi ya kuzuiwa. Ukiwa kwa Safaricom, tuma ile meseji ya utapeli kwa 333, ni bure, na ukumbuke wao hukupigia kutoka 0722 000 000 pekee. Wizi wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo kifungu chake cha 30 kiliweka faini isiyozidi Sh300,000, ama kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili. Kwa hivyo usifute kitu. Piga picha ya skrini ya ukurasa na anwani yake, hifadhi meseji ya malipo yenye namba ya muamala, na uende nazo kituo cha polisi, ama upigie DCI bila malipo kwa 0800 722 203.