Valizi Chini ya Kitanda

Hapa Likasi kuna nyumba moja yenye valizi isiyofunguliwa. Iko chini ya kitanda. Watoto wakiuliza, mama anajibu tu: "Muache ile." Treni ikipiga honi usiku, mama anaamka na kusimama mlangoni. Kijana wake wa miaka 14 naye anaamka, jasho mwili muzima, na hajue anaogopa nini.

Mama alikuwa na miaka 8 mwaka 1992. Tangu Agosti ya mwaka ule hapa Likasi, na tena Machi 1993 kule Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa manyumbani, hata wale waliozaliwa hapa. Maelfu walilala ku gare wakingoja treni ya Mwene-Ditu. Wengi walikufa, zaidi watoto wadogo. Mdogo wake mama alifia pale.

Mtoto anasoma uso wa mama. Mama akishituka, mwili wa mtoto unajifunza kwamba honi ni hatari. Na kwa kuwa hakuna anayemweleza, anajitungia sababu: labda mimi ndiye nimekosa. Kuna wanaokimbilia kusema ni laana ya ukoo. Mimi sikubali. Tuombe, ndiyo, lakini yule kijana alihitaji kuambiwa kilichotokea.

Mama alienda kwa mshauri aliyefundishwa kazi hiyo. Akalaza kamba chini: ndiyo maisha yake, toka kuzaliwa. Kwa kila jambo baya akaweka jiwe, kwa kila jambo zuri ua. Njia hii imetumiwa pia mashariki ya Congo kwa watu waliopita vitani. Juma kwa juma walisimama kwenye jiwe moja: uliona nini, ulisikia harufu gani, na sasa mwili unasikia nini? Mama akitetemeka, mshauri anamkumbusha: uko hapa, leo. Hakuna kulazimisha. Na yote hayamwagwe usiku mumoja mbele ya watoto.

(Sisi ambao wazee wetu walisimama upande wa kufukuza, nasi tuko na valizi yetu.)

Siku moja mama akamwita kijana. Wakafungua. Kati ya nguo mulikuwa kiatu kimoja, kidogo sana.

"Mama, aliitwa nani?"

Mama akamwambia jina. Honi ingali inamuamsha, lakini sasa kijana anamwekea maji ya chai, na wanaikaa pamoja mpaka treni ipite.