Ankete ya maji: namna majibu ya wakaaji yanageuka mstari

Mjini Goma wamama wamezoea kuulizwa maswali. Vijana wa ONG wanafika na simu mkononi: katika menaji muko wangapi? Mpaka ku robine ni dakika ngapi? Munachota bidoni ngapi kwa siku? Wanaandika, wanaaga, wanaenda. Kisha miezi michache robine mpya inawekwa kartiye ingine, na watu hawaelewi nani aliamua. Pengine, kati ya maswali na uamuzi, kuko hesabu moja inayoitwa regresio lineari. Jina ndilo linatisha. Hesabu yenyewe haitishi.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, kuchimba kisima pale ni shida, na watu wengi wanachota katika ziwa Kivu ao wananunua kwa wenye kubeba maji. Ndiyo maana swali la dakika ngapi si la kupitisha wakati.

Tuchukue menaji tano, za mfano tu. Robine iko dakika 10 kwa ya kwanza, 20 kwa ya pili, kisha 30, 40 na 50. Kwa siku zinaleta bidoni 7, 5, 6, 3 na 4, kila bidoni litre 20. Kwa macho tu inaonekana: robine ikiwa mbali, maji yanapunguka. Lakini hayapunguki sawasawa, maana wa dakika 30 wanaleta kuliko wa dakika 20. Ukiweka kila menaji kama tone kwenye karatasi, hakuna rula itakayogusa matone yote tano.

Regresio inatafuta mstari mmoja ulionyooka unaopita karibu nayo yote. Kwa kila menaji unapima pengo kati ya tone na mstari, unazidisha pengo hilo kwa lenyewe, kisha unajumlisha. Mstari wenye jumla ndogo kuliko yote ndio unabakia. Mfaransa Legendre alichapisha njia hii mwaka 1805, akishughulika na njia za nyota zenye mkia. Kuitumia juu ya maisha ya watu kulikuja nyuma.

Kwa menaji zetu, mstari unaanzia bidoni 7,4 na kila dakika inatoa 0,08. Ni kidogo? Dakika 10 zinatoa bidoni 0,8, maana yake litre 16. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yanafuata, zinaomba angalau litre 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Basi kila dakika kumi za kutembea zinaondoa ndani ya nyumba maji ya mtu mzima mmoja. Hesabu ya namna hii inaweza kumshawishi mwenye mfuko wa pesa kuliko malalamiko mia.

Lakini mstari unasema vitu viwili vinatembea pamoja, hausemi kimoja kinaleta kingine. Pengine wenye kukaa mbali ndio pia wenye pesa kidogo, ao menaji zao ni ndogo. Katika mfano wetu umbali unaeleza 64 kwa 100 ya tofauti ya maji. Yote ingine inatoka mahali pengine. Na kwa menaji tano peke yake, hata hiyo 64 si ya kujengea kitu.

Tazama ile ya dakika 40. Mstari unasema 4,2, wenyewe wanaleta 3. Kwa nini? Labda ni mjane bila mtoto wa kutuma, labda njia ina hatari usiku. Hapo ndipo mwenye ankete angepaswa kurudi kuuliza, na mara nyingi harudi.

Kuko pia jambo ambalo kila mtu kartiyeni analijua: watu wakisikia ONG inakuja, wanapunguza hesabu ili wasaidiwe. Wote wakipunguza bidoni moja, mstari unashuka wote, unaanzia 6,4, lakini zile 0,08 hazibadiliki. Wakipunguza sana wa mbali peke yao, mstari unainama zaidi na umbali unaonekana mubaya kuliko ulivyo. Dakika nazo ni za kukadiria. Kupanda na bidoni mgongoni hakupimwi na saa.

Tena mstari haupaswi kupita mahali watu waliulizwa. Urefushe mpaka dakika 100, utakuambia menaji inaleta bidoni kasoro 0,6, yaani chini ya sifuri.

Siku matokeo yanaletwa mbele ya shefu wa kartiye, wakaaji wanaweza kuomba kuona matone, si mstari peke yake, na kuuliza ni menaji ngapi, zilichaguliwa namna gani, na kama waliulizwa pia wale wa nyuma ao wale tu walio kandokando ya barabara kubwa. Nchini Kongo hesabu ya raia ya mwisho ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo hakuna orodha kamili ya nyumba ya kuchagulia. Kila ankete inatengeneza ya kwake, na nyumba isiyokuwa kwenye orodha haina tone.